Kwa Nini Safari ya Honor Harrington Ilipoteza Kasi

Ndugu wasomaji wenzangu,

Niliombwa nizungumze kwa muda usiozidi nusu saa juu ya jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilinung'unikia kila tunapokutana, nami nimekubali kwa sababu manung'uniko hayo ni yangu pia. Tunao mfululizo wa riwaya za vita vya angani ambao tuliupokea kwa shangwe, tukausoma usiku kucha, tukaazimana nakala hadi zikachakaa, na ambao leo ukimtajia mtu jina lake, kitu cha kwanza anachokifanya ni kuguna. Ninasema juu ya vitabu vya David Weber vinavyomhusu Honor Harrington, afisa wa jeshi la majini la Ufalme wa Manticore, jeshi ambalo bahari yake ni anga na manowari zake husafiri baina ya nyota. Kitabu cha kwanza, On Basilisk Station, kilitoka mwaka 1993. Kitabu cha 14 katika mkondo mkuu, Uncompromising Honor, kilitoka mwaka 2018. Kandokando ya hivyo kumeota matawi mengine, baadhi yake yakiandikwa na Weber peke yake na mengine kwa kushirikiana na Eric Flint au Timothy Zahn, kiasi kwamba mtu anayetaka kuanza leo hulazimika kuuliza kwanza aanzie wapi na asome kwa mpangilio gani.

Kabla ya kulalamika nataka nikumbushe tulivyovipata vitabu hivi, kwa kuwa namna tulivyovipata ndiyo inayoeleza ukubwa wa kinyongo chetu. Mwaka 2002, wakati War of Honor ilipotoka katika jalada gumu, wachapishaji wake, Baen, walitia ndani ya kitabu diski ya kompyuta iliyobeba vitabu vilivyotangulia vya mfululizo huo, pamoja na ruhusa ya kuinakili na kuigawa bure mradi mtu asiiuze. Jamaa mmoja alirudi likizo kutoka Ulaya na diski hiyo, ikanakiliwa, ikapita mkono hadi mkono, nasi tukavisoma kwenye kompyuta za ofisini baada ya saa za kazi kwa sababu nyumbani hatukuwa nazo. Nakumbuka mlinzi wa zamu ya usiku akija kunigongea mlango saa tatu na kuniuliza kama kazi haijaisha, nami namwambia bado kidogo, huku manowari ya Honor ikiwa imebakiwa na silaha moja tu inayofanya kazi. Vitabu tulivyovipata kwa ukarimu wa namna hiyo huwezi kuvisoma kama mteja aliyenunua sabuni. Unajiona una deni navyo, na siku vinapoanza kukuchosha unasononeka kama mtu aliyeachwa na rafiki.

Sasa tuangalie hicho kitabu cha kwanza kwa karibu, maana humo ndimo kilimo kipimo cha vyote vilivyofuata. Honor anakabidhiwa Fearless, manowari ndogo iliyokwisha kuzeeka, ambayo imeng'olewa sehemu kubwa ya silaha zake za kawaida ili ifungwe silaha ya majaribio isiyofaa kitu mpaka umsogelee adui pua kwa pua. Katika mazoezi anaitumia kwa hila na kufaulu mara moja. Mara zinazofuata wenzake wamekwisha kuijua mbinu hiyo, na meli yake inashindwa vibaya mbele ya kikosi kizima. Ili aibu ya walioibuni silaha ile isionekane, yeye na watu wake wanapelekwa Basilisk, kituo kinachojulikana kuwa ni mahali pa kuwatupa maafisa wasiotakiwa. Mabaharia wake wanamlaumu. Msaidizi wake mkuu, Alistair McKeon, anamwonea kijicho na hampi ushirikiano. Mkuu wake kituoni, Pavel Young, ambaye wana uadui wa tangu chuoni, anaondoka na manowari yake kwa kisingizio cha matengenezo na kumwachia ulinzi wa mfumo mzima wa nyota kwa chombo kimoja kibovu. Kila kurasa 20 mlango mmoja unafungwa, na kila mlango unapofungwa tunamjua huyu mwanamke zaidi kidogo, kwa sababu tunaona anavyotafuta dirisha.

Kisha unakuja mkimbizano. Sirius, meli iliyojidai kuwa ya biashara, kumbe ni manowari iliyojificha ya Jamhuri ya Haven, adui wa Manticore, inatoroka kwenda kuwaita wenzake, na Fearless inaifuata ikipigwa na kupasuliwa njia nzima. Hewa inavuja, vyumba vinafungwa watu wakiwa ndani, na ile silaha iliyodharauliwa ndiyo inayokuja kuamua mambo, tena kwa sababu ni mbovu kiasi cha kumlazimisha Honor asogee karibu mno. Anashinda. Ila sehemu kubwa ya mabaharia wake wamekufa, na meli yenyewe haitengenezeki tena. Msomaji anafunga kitabu akiwa na furaha yenye uzito moyoni, na huo uzito ndio uliotufanya tukitafute cha pili.

Nisiwe mtu wa kusifu vya kale bila kusema kweli. Hata humo, katikati ya mkimbizano huo, roho zetu zikiwa juu, Weber anasimamisha hadithi na kutufundisha kwa kurasa kadhaa historia ya namna binadamu walivyojifunza kusafiri kwa kasi kuliko mwanga: nani alivumbua nini, chombo gani kilikwama kwa sababu gani, mitambo ikaboreshwa vipi. Ni mahali pabaya mno pa kuweka somo kama hilo, na wasomaji wamekuwa wakilisema tangu mwanzo. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba vitabu vya baadaye vimeharibika kwa wingi wa maelezo, mimi humjibu kwamba maelezo yalikuwepo siku zote, nasi tuliyavumilia, na baadhi yetu tuliyapenda. Tuliyavumilia kwa sababu tulijua kwamba upande wa pili wa maelezo yale kuna mtu wa kufa na mtu wa kupona, na kwamba hatujui nani ni nani. Hapo ndipo ninapotaka tupatazame usiku wa leo.

Katika vitabu vya miaka ya 1990, Weber alikuwa mwandishi asiyeogopa kupoteza. Katika The Honor of the Queen, Honor anapoteza jicho lake la kushoto na nusu ya uso wake inakufa ganzi. Katika Field of Dishonor cha mwaka 1994, Paul Tankersley, mwanamume wa kwanza aliyempenda kwa moyo wote, anachokozwa na muuaji wa kukodiwa hadi akubali pambano la bastola, na anauawa. Honor hakuwepo. Alikuwa mbali, na sisi wasomaji tulijua kabla yake, tukawa tunasubiri habari imfikie kama watu waliokaa msibani wakimsubiri mfiwa ambaye bado hajaambiwa. Kitabu hicho karibu hakina vita vya manowari hata kimoja, na bado ni miongoni mwa vile vyenye kasi kubwa kupita vyote. Katika In Enemy Hands anatekwa, na anapotoroka anaacha mkono wake wa kushoto. Wapo wasomaji waliosema kwamba mwandishi anamtesa mwanamke huyu kupita kiasi. Mimi naona alikuwa akitoza bei, na kwa sababu bei ilitozwa, kila ushindi ulikuwa na thamani.

Na bei ya mwisho ilikuwa imekwisha kupangwa. Weber hakuficha kwamba alichota kwenye riwaya za mabaharia wa Uingereza za zama za Napoleon. Kitabu cha kwanza amekitabaruku kwa C. S. Forester, na herufi mbili za mwanzo za jina la Honor Harrington ni zilezile za nahodha wa riwaya za Forester, Horatio Hornblower. Nyuma ya Hornblower yupo Horatio Nelson, admirali aliyepoteza uwezo wa jicho moja, akapoteza mkono mmoja, kisha akafa Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805 siku ileile alipoiokoa nchi yake. Jicho, mkono, kisha vita kuu ya kuitetea nchi. Msomaji anayeijua historia hiyo alikuwa akiona bandari kwa mbali. Mwandishi mwenyewe amekwisha kueleza hadharani kwamba nia yake ya awali ilikuwa Honor afe katika Vita vya Manticore, mwishoni mwa At All Costs, kitabu kilichotoka mwaka 2005, na kwamba hadithi ingeruka miaka mingi mbele na kuwakuta watoto wake wakikabiliana na adui mpya.

Kilichobadilisha mpango huo kilikuwa jambo la heri kabisa. Eric Flint, aliyekaribishwa kuandika ndani ya ulimwengu huo, alihitaji adui ambaye watu wa Manticore na watu wa Haven wangeweza kumpinga kwa pamoja, akawachagua wafanyabiashara ya watumwa wa sayari ya Mesa. Adui ambaye Weber alikuwa amemweka akiba kwa kizazi cha watoto akaingia jukwaani mapema, kama miaka 20 ya hadithi kabla ya wakati wake, na alipokuwa amekwisha kuingia, kumwua Honor kukawa hakuwezekani tena. Ushirikiano huo ulizaa Crown of Slaves, kitabu cha mwaka 2003 ambacho mimi nakihesabu kuwa kizuri, chenye majasusi na watumwa waliojikomboa na kupata taifa lao. Flint alifariki mwaka 2022, na simlaumu kwa lolote. Lakini matokeo yake ni kwamba merikebu iliyokuwa ikienda bandarini ikiwa imejaza tanga iliambiwa ipite, iendelee mbele, na huko mbele hakukuwa na bandari nyingine iliyotengenezwa. Hapo ndipo ninapoiona shwari ikianza.

Mnaweza kuipima shwari hiyo kwa kalenda ya hadithi yenyewe. Kuanzia On Basilisk Station hadi At All Costs, yaani katika miaka 12 ya maisha yetu na vitabu 11, Honor aliishi takribani miaka 20: alianza akiwa kamanda wa manowari moja, akavunjiwa heshima, akaikimbilia sayari ya Grayson, akawa admirali wa kikosi, akafungwa, akatoroka na maelfu ya wafungwa, akaolewa, akazaa. Kuanzia At All Costs hadi Uncompromising Honor, katika miaka 13 yetu sisi, Honor aliishi kama miaka miwili tu. Nyinyi mmesomesha watoto kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha sita, na katika muda huohuo Manticore ilikuwa bado inajadili jibu la barua ya kidiplomasia.

Sehemu ya muda huo ilipotea katika kusimulia tena yaliyokwisha kusimuliwa. Tawi la vitabu lililoanza na The Shadow of Saganami mwaka 2004 lilianza vizuri mno, na wale vijana maafisa wapya katika mfumo wa Monica walituonyesha kwamba ulimwengu huu unaweza kuendelea bila Honor. Kitabu kilichofuata katika tawi hilo, Storm from the Shadows, kilitoka mwaka 2009, na kilianza kwa kuturudisha kwenye vita vya Solon na kutekwa kwa Michelle Henke, rafiki wa Honor, mambo tuliyokuwa tumeyasoma mwaka 2005. Nilikisubiri kitabu hicho kwa hamu kubwa, nikalipa pesa ya kukiagiza ng'ambo, na nilipokuwa nimesoma sura za mwanzo nilirudi kwenye jalada kuhakikisha kwamba sijaletewa kitabu kingine. Kisha mwaka 2016 ikaja Shadow of Victory, ambayo inazunguka nyuma ya matukio ya Shadow of Freedom ya mwaka 2013 na kutueleza maandalizi ya maasi ambayo tayari tulikuwa tunajua yaliishaje. Maasi yenyewe yako katika sayari nyingi, baadhi zikiwa na majina ya Kipolandi na Kicheki kama Włocławek na Chotěboř, na kila sayari ina viongozi wake wa maasi, askari wake wa kuogopwa, na wakala wa siri anayejifanya Mmanticore. Mtu akisoma sura tatu jioni, keshoye hajui tena yule aliyekunywa chai na yule aliyepigwa risasi walikuwa wa sayari ipi.

Nataka nisieleweke vibaya kuhusu jambo hili. Kusimulia tukio moja kwa macho ya watu wawili ni sanaa ya zamani na yenye thamani, na sisi tuliokua tukisikiliza bibi na babu wakisimulia kisa kimoja kila mmoja kwa namna yake tunaijua raha yake. Raha hiyo huja pale msimulizi wa pili anapokuwa na kitu ambacho wa kwanza hakukijua, au hakutaka kukisema. Pale ambapo wa pili anakuja kuthibitisha kwamba wa kwanza hakusema uongo, msikilizaji husinzia.

Halafu kuna adui. Jamhuri ya Haven ilikuwa adui mwenye uso. Tuliwajua maadmirali wake, Lester Tourville na Thomas Theisman, tukawapenda, tukawahofia, na tulijua kwamba wana uwezo wa kushinda, kwa sababu mara kadhaa walishinda. Baada ya mwaka 2005 mahali pa Haven pakachukuliwa na Ligi ya Solaria, dola kubwa kuliko zote, tajiri, yenye kiburi, na ambayo silaha zake zimepitwa na wakati. Katika Mission of Honor, kikosi cha manowari kubwa kama 70 za Ligi kinaingia mfumo wa nyota wa Spindle na kusambaratishwa na makombora kutoka mbali, kabla hakijamfikia hata Mmanticore mmoja. Katika A Rising Thunder, manowari zaidi ya 400 zinakuja Manticore kwenyewe, na matokeo yake unayajua kabla hujaifikia sura. Makombora ambayo katika kitabu cha kwanza yalihesabiwa moja moja sasa yanahesabiwa kwa maelfu, na bado Fearless, kwa makombora yake machache, ilitutia jasho viganjani kuliko vikosi hivi vyote. Idadi haiwezi kuleta hofu mahali ambapo upande mmoja hauwezi kuumia.

Upande usioweza kuumia vitani hujikuta umebakiwa na mikutano. Mtakumbuka kwamba Honor hapendi kahawa. Yeye ni mtu wa kakao, na mtumishi wake wa siku nyingi, MacGuiness, ndiye anayemletea. Katika vitabu vya mwanzo kikombe kile cha kakao kilikuwa na maana kubwa. Kilikuja pale alipokuwa amechoka, au pale ambapo saa chache tu zilikuwa zimebaki kabla ya mapigano, na ukimwona MacGuiness anaingia na sinia ulijua kwamba mtu huyu anampenda kamanda wake na anajua kwamba huenda hatamhudumia tena. Katika vitabu vya baadaye vinywaji vinapoletwa mezani, najua kwamba kuna kurasa 30 zinakuja za watu wenye akili wakielezana mambo ambayo wote waliomo chumbani wanayajua, wakipeana tabasamu, mmoja akiinua nyusi, mwingine akisema jambo ambalo katika mkutano mwingine, sayari nyingine, adui zao wanalijadili kwa maneno yaleyale. War of Honor ilikuwa na zaidi ya kurasa 800, na sehemu kubwa yake ilikuwa siasa za aina hiyo. Wakati ule tuliamini kwamba mwandishi anavuta upinde, na kweli, At All Costs ilipokuja, mshale uliruka. Baada ya hapo upinde umekuwa ukivutwa tu.

Mwenzetu mmoja, ambaye namheshimu sana kwa usomaji wake, alinipinga tulipokuwa tukizungumza juu ya hotuba hii. Alisema kwamba tatizo ni sisi, kwamba tumezeeka, na kwamba hakuna kitabu kinachoweza kumrudishia mtu wa miaka 50 moto alioupata akiwa na miaka 25. Niliitafakari hoja hiyo kwa uzito wake, nikafanya jambo moja: nilisoma tena Field of Dishonor mwaka huu, neno kwa neno, nikijua kila kitakachotokea. Nilipofika pale Honor anapofikiwa na habari ya Paul, ilinibidi nikiweke kitabu chini. Kwa hiyo moto haujazimika upande wetu.

Mwingine aliuliza kwa nini tusiache tu kusoma. Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba mtu hukinai chakula asichokipenda, lakini anayesoma kitabu cha 14 akiwa na hasira bado anasubiri kitu alichoahidiwa katika cha kwanza. Sisi tuliolelewa na hadithi za magazetini, zile zilizokatwa kila wiki kwa neno "itaendelea", tunaujua mkataba uliomo ndani ya neno lile. Msomaji anakubali kusubiri, na msimulizi anakubali kwamba kusubiri huko kutakuwa na mahali pa kufika. Hakuna anayedai kwamba mwandishi ni mwajiriwa wetu. Ni kweli pia kwamba wasomaji wengi walishukuru Honor alipookoka mwaka 2005, na nilikuwa mmoja wao. Nilipumua kwa nguvu nilipoiona meli yake ikirudi na Tourville akilazimika kusalimu amri. Ilinichukua miaka kadhaa na vitabu kadhaa kuelewa nilichokuwa nimekishukuru.

Katika kitabu hichohicho, At All Costs, Alistair McKeon anauawa, yuleyule msaidizi mkuu aliyekuwa na kijicho katika kitabu cha kwanza na ambaye baadaye alikuja kuwa rafiki wa kufa na kuzikana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mara ya mwisho ambapo bei kamili ilitozwa kwa mtu tuliyetembea naye tangu mwanzo wa safari. Linganisheni na kilichotokea katika Uncompromising Honor. Honor anaamini kwamba mumewe, Hamish, amekufa katika shambulio dhidi ya Beowulf, washirika wa Manticore, lililoua mamilioni ya watu. Anaingia vitani akiwa na hasira ambayo hatujapata kumwona nayo, hasira baridi ya mtu ambaye hana tena wa kumrudia nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliisikia tena ile kasi ya zamani. Nilisoma usiku huo hadi adhana ya alfajiri. Niliogopa nini atawafanyia maadui zake, na niliogopa zaidi nini atajifanyia mwenyewe. Kisha Hamish anarudi akiwa hai.

Ndugu zangu, nilifurahi kwa ajili ya Honor, na papo hapo nikahisi kwamba nimetapeliwa machozi yangu. Mwandishi aliyeandika kifo cha Paul mwaka 1994 alikuwa anajua kwamba hakuna mlango atakaoingilia mfu. Mwandishi wa mwaka 2018 alikuwa amewapenda watu wake kupita kiasi, na upendo huo ninauelewa vizuri, maana ndio upendo wetu sisi pia. Lakini hadithi ya vita haiwezi kubebwa na mtu ambaye hayuko tayari kumzika mtu wa nyumbani kwake.

Najua mnataka niseme la kufanya, hasa nyinyi vijana ambao mmejiunga nasi karibuni na mnatazama rafu nzima ya vitabu hivi bila kujua pa kushika. Ushauri wangu ni huu. Anzeni na On Basilisk Station, mwendelee kwa mpangilio wa miaka ya kuchapishwa, msiruke hata kile kisicho na vita vya manowari. Mkifika War of Honor vumilieni. Kati yake na kinachofuata ingizeni Crown of Slaves na The Shadow of Saganami, maana vyote viwili vinasimama kwa miguu yao na vitawasaidia kuwajua watu mtakaokutana nao. Kisha someni At All Costs, na mkiimaliza, fungeni hapo kwa muda. Kaeni miezi kadhaa. Mwenye kutaka kuendelea baada ya hapo aendelee akijua kwamba anaingia katika maji mengine, na mimi nitampa orodha ya sura za Mission of Honor ambazo sitaki azikose, hususan lile shambulio la kushtukiza dhidi ya viwanda vya Manticore, ambapo kwa siku moja Manticore yenyewe ilikumbushwa maana ya kuumia.

Kwa wale wanaoandika hadithi za mfululizo kwa Kiswahili, na humu ukumbini nawaona watatu, ninaomba tukutane pembeni baada ya hapa. Nimekuja na daftari ambamo nimeandika, kitabu baada ya kitabu, nani alikufa, nani alijeruhiwa, na muda gani wa hadithi ulipita kati ya jalada na jalada. Kurasa za mwanzo za daftari hilo zimejaa hadi pambizoni. Za mwisho zina mistari miwili mitatu kila moja, na ningependa mzione kwa macho yenu kabla hamjaamua mhusika wenu mkuu ataishi hadi lini.